Waya Wangu Uko Chumbani kwa Baba Mkwe

Jumatatu, 12 Januari

Nimekuja Sumbawanga kukaa na mume, sikuja kutawaliwa na waya. Naliandika hili leo ili lijulikane mapema.

Mume wangu Isdori kazi yake iko mpakani Kasesya, anahangaika na makaratasi ya malori, na nyumbani anakuja mwisho wa wiki Mungu akipenda na barabara ikipenda. Mimi amenileta hapa Kizwite, nyumbani kwa baba yake. Tupo watatu: mimi, Mzee, na wifi yangu Scola mwenye duka la steshenari chumba cha mbele. Mama mkwe alishafariki siku nyingi.

Kazi yangu nimeipata kwa kuhangaika. Nafundisha wageni Kiswahili kwa video. Shule iko Arusha, wanafunzi wako kwao Ulaya, na mimi niko hapa Ufipa na sweta mbili. Nimepewa miezi mitatu ya majaribio. Mkuu wa shule, Mwalimu Bertilla, aliniambia neno moja: "Atupele, mimi nataka mtu anayepatikana. Ukiwa wa kukatikakatika, tutaachana vizuri tu."

Sasa sikiliza habari ya nyumba hii. Intaneti inatoka kwenye nguzo, inaingia kwa waya kupitia dirisha la chumba anacholala Mzee, na ruta imekaa humohumo, juu ya kabati lake. Waifai aliizima mwaka jana kwa sababu vijana wa mtaa walikuwa wanashinda kwenye uzio wake wakila bando. Hata angeiwasha, kuta zenyewe nene, huku nyuma kwangu haifiki. Kwa hiyo ni waya tu. Mmoja unakwenda kwenye kompyuta ya Mzee mwenyewe, mwingine kwa Scola dukani. Fundi Obed anakuja kuvuta wa tatu, wangu.

Jumatano, 14 Januari

Obed amekuja, amepanda juu ya dari, amepitisha waya mpaka chumbani kwangu, akaubana vichwa huku na huku. Nimechomeka laptopu yangu ya mtumba na neti imekuja hapohapo. Nilitaka kulia.

Kabla hajafunga mkoba wake nilimwomba Scola amuulize Mzee kama ruta inaweza kuhamia ukumbini. Sababu yangu mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa: mkamwana haingii chumba anacholala baba mkwe. Hakai naye, hataji jina lake, hamtazami usoni. Kwetu Tukuyu siku hizi wengi wameacha, wanakula naye meza moja na kucheka naye. Mimi nililelewa na bibi, na bibi hakuacha, na mimi siwezi kuacha kwa ajili ya laptopu. Hapa kwao hawana hayo, mkamwana ni mtoto wa nyumbani, anaingia hata kumtandikia mzee kitanda. Vizuri, ni kwao.

Scola alikwenda, akarudi. "Mzee hataki iguswe, wifi."

Haya.

Jumatatu, 19 Januari

Vipindi vimeanza vizuri. Nina Mholanzi mmoja anaitwa Pieter, anataka kuja Kigoma kuchimba visima. Anasema "shikamoo" kwa kila mtu mpaka kwa paka wake.

Ijumaa, 23 Januari

Radi za huku si za mchezo. Sheria ya nyumba ni kwamba ikianza kunguruma, kila kitu kinachomolewa: friji, runinga, ruta, waya zote. Kioo kinafunikwa kanga. Sibishi, maana radi iliwahi kumuunguzia Mzee runinga na hilo halisahau.

Mvua imepita, kila kitu kikarudishwa. Cha wifi kikarudi, nikasikia mashine yake ya kuchapa ikinguruma. Cha kwangu hakikurudi. Kipindi changu kilikuwa saa tatu asubuhi, na mimi nimesimama ukumbini na kandambili zangu, nautazama mlango nisioweza kuuvuka.

Nikamwambia Scola, "Wifi, naomba uniangalizie waya wangu."

"Mzee ndiye anachomoa na ndiye anarudisha. Nitamwambia."

Umerudishwa mchana. Pieter alishakwenda kula.

Jumanne, 27 Januari

Radi. Waya. "Nitamwambia."

Jumatatu, 2 Februari

Leo nina la kusema, na nalisema humu kwa sababu nje sina wa kumwambia.

Kila asubuhi, mimi nikishakaa tu kwenye kiti changu kujiandaa, nasikia mlango wa Mzee unafunguka. Anavaa koti la mvua, anachukua mwavuli, anatoka. Mwanzoni nilidhani ana shughuli zake. Mzee mstaafu, labda anakwenda kanisani, labda anakwenda sokoni. Kumbe wapi. Anakwenda kwenye mashine ya kusaga ya Oswaldi, hatua chache tu kutoka hapa, anakaa juu ya magunia ya watu mpaka mchana. Mvua inanyesha, ukungu umeshuka mpaka mlango wa jirani huuoni, na yeye yuko pale amejikunyata.

Nimejua kwa Kabula, yule mama wa Kisukuma anayetuletea maziwa. Ametua debe lake mlangoni akaniuliza bila kupepesa macho, "Mzee wenu anashinda mashineni siku hizi, kulikoni? Mmemfukuza?"

Nilijisikia kuzama ardhini. Nimfukuze mimi? Mimi ninayempisha hata kivuli chake ukumbini? Ninayetoka jikoni kwa mlango wa nyuma nikisikia anakohoa? Ndiye wa kunikimbia mimi nyumbani kwake, mchana kweupe, mtaa mzima ukitazama, eti hawezi kuvumilia sauti yangu ikifundisha? Kwanza ananichomolea waya kabla hajatoka, halafu anakwenda kukaa kwa watu aonekane ameonewa. Heshima yangu yote hii naona naipeleka mahali isipopokelewa. Damu imenichemka mpaka uji umenishinda.

Alhamisi, 5 Februari

Waya hakuna. Nimerusha neti ya simu kwenye laptopu. Bando la wiki limekwisha kabla ya chai kuchemka, na Pieter ananiambia nilibaki kwenye kioo chake nimeachama mdomo muda mrefu sana.

Jumamosi, 14 Februari

Isdori amekuja. Nimempikia ugali wa ulezi na dagaa wa Kirando anaowapenda, nikasubiri ashibe, nikamweleza yote, waya, radi, mashine ya kusaga.

"Mzee hawezi kufanya hivyo," akasema.

"Basi muulize."

"Nitamuuliza."

Jumapili, 15 Februari

Ameondoka. Hajauliza. Mwanamume anayebishana na madereva wa nchi mbili kutwa nzima hawezi kumuuliza baba yake habari ya waya. Nimemfungia maandazi ya safari kwa sababu ni mume wangu, lakini nimeyafunga nimenuna.

Jumanne, 24 Februari

Ujumbe wa Mwalimu Bertilla: "Umekatika mara nyingi mno mwezi huu. Wanafunzi wanakusifu wakikupata, tatizo hawakupati. Jumanne tarehe 17 Machi saa tatu nitaingia mwenyewe kwenye kipindi chako. Hicho ndicho kitaamua."

Nimeusoma kwa sauti kubwa ukumbini, kusudi, ili mwenye masikio asikie. Mzee alikuwa mashineni. Aliyesikia ni Scola, akaniambia, "Pole wifi," akarudi dukani.

Jumanne, 3 Machi

Mvua kutwa. Radi. Waya. Sina jipya.

Alhamisi, 12 Machi

Leo nimepata jipya.

Mzee ameondoka saa mbili, nimesikia mwavuli ukigonga mlango kama kawaida yake. Kipindi kimeanza saa tatu, neti nzuri, Pieter ananisimulia visima vyake. Ikanguruma kidogo upande wa Nkasi, mbali huko, na palepale nikakatika. Nikakaa nikafikiri. Mzee yuko kwenye magunia ya Oswaldi. Mikono yake haiwezi kuwa mirefu kiasi hicho.

Nikamfuata Scola. Akasema labda fundi aliubana vibaya. Nikampigia Obed, akaja na kipimo chake, akapima upande wa chumbani kwangu, akaingia kwa Mzee, akatoka anafuta mikono.

"Waya mzima, dada. Umechomolewa tu. Nimeurudisha."

Scola alikuwa mlangoni pa duka anapanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Jumanne iko karibu na mimi namhitaji, kwa hiyo nimemeza.

Jumanne, 17 Machi

Naandika yote kama yalivyokuwa.

Asubuhi nilivaa gauni la kanisani. Saa mbili Mzee akatoka na mwavuli wake, anakohoa kile kikohozi ambacho wiki hii kimekuwa kibaya. Nikamwendea Scola dukani, nikasema naye kama ninavyosema na mtu ninayemwomba: "Wifi, leo ndiyo siku yenyewe. Radi ikipiga, chomoa, sikatai. Ila ikipita, nirudishie na mimi. Nakuomba sana."

"Usijali wifi, leo si nimesikia."

Radi ikapiga saa mbili na nusu, moja kubwa, bati zikatetemeka. Mvua ikamwagika. Robo saa ikawa imepita. Nikasikia mashine ya kuchapa ya Scola inaamka, karatasi ya kwanza, ya pili. Kwangu alama nyekundu. Saa tatu kasoro dakika kumi, nyekundu. Saa tatu kasoro tano.

Nikaenda mpaka kwenye mlango wa Mzee. Ulikuwa wazi kabisa, umeegemezwa jiwe usijifunge. Niliiona ruta juu ya kabati, taa zake zinawaka, na niliuona waya wangu, waya mweupe aliouvuta Obed, unaning'inia pembeni ya tundu lake. Kitanda chake kimetandikwa. Hata mswaki wake niliuona. Hapakuwa na mtu wa kunizuia. Nikanyanyua mguu, na mguu ukagoma. Haki ya Mungu nilijaribu. Nilimwona bibi yangu amesimama upande wa pili wa kizingiti, ananitazama tu. Saa tatu ikapita nikiwa pale. Mwalimu Bertilla ameingia darasani, Pieter ameingia, mwalimu hayupo.

Ndipo nikaenda dukani. Walikuwepo wateja watatu, wamekuja na basi la Namanyere kujaza maombi ya mkopo wa kikundi. Sikuwajali.

"Scola, kwa nini?"

Alidhani atanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa kama siku zote, akafungua mdomo, akaniona uso, akaufunga. Halafu naye akapanda.

"Kwa sababu ukiwasha video yako, hapa kwangu fomu zinazunguka tu. Hawa wameamka alfajiri kunifuata mimi. Niwaambie nini, wasubiri mzungu amalize kusalimia? Duka hili ndilo ninalokula. Wewe una mume, mimi nina hii mashine."

"Ungeniambia. Ningehamisha saa. Hukuniambia hata mara moja."

"Na nyie mnaniambia nini?" Akapiga meza, yule mama wa Namanyere akashika fomu yake. "Mnanituma kama mtoto. Nenda kamwambie Mzee hivi, nenda kamwambie Atupele vile. Yeye hasemi na wewe, wewe husemi naye, mimi katikati nimechoka. Sikupeleka tena ujumbe wa mtu. Wako wala wake."

"Ujumbe wake upi?"

Nilirudia swali, na sikulirudia kwa upole.

Akasema huku anatazama chini. Isdori alimweleza Mzee mwezi wa kwanza kwamba kwetu mkwe hatukutani naye. Mzee akafikiri, akamwita Scola, akamwambia: mwambie mwanangu asihangaike, nitakuwa naondoka asubuhi, chumba kiwe chake mpaka mchana, mlango nitauacha wazi, aingie aangalie waya wake kwa nafasi yake. Ndiyo maana anakwenda kwa Oswaldi. Ndiyo maana ya jiwe mlangoni.

"Na kuhamisha ruta? Ulisema hataki."

"Sikumuuliza."

"Na mimi ninavyokaa siingii, yeye anajua nini?"

"Anauliza kila siku mbona huingii. Nilimwambia hutaki kukanyaga chumbani kwake."

Ni kweli sitaki. Lakini alivyosema yeye na nilivyo mimi ni vitu viwili, na mzee wa watu amekaa miezi miwili kwenye baridi akiamini mkamwana wake anamwona mchafu. Na mimi humu ndani, kurasa hizi, nimemtukana kila wiki. Nimesoma nilichoandika tarehe mbili Februari na sikuweza kumaliza.

Jumatano, 18 Machi

Mwalimu Bertilla: "Nasikitika. Tuishie hapa."

Isdori nimempigia. Alijua kumweleza baba yake mila za kwetu, hakujua kunieleza mimi kwamba amemweleza. Nimekata simu.

Alhamisi, 19 Machi

Mzee hakutoka leo. Ana homa. Scola ameingia kwake na chai, wakakaa muda mrefu wanazungumza Kifipa, sauti ya Mzee chini sana, halafu Scola akatoka analia. Amepita mbele yangu jikoni, akasimama, akasema, "Wifi, nimemwambia yote." Nilikuwa namenya viazi na niliendelea kumenya.

Ijumaa, 20 Machi

Mvua imepumzika. Nilikuwa nafagia ukumbini asubuhi, mlango wa Mzee umeegeshwa nusu, nikasikia anapiga simu, inaita. Masikio yake mazito kidogo, kila simu anaiweka sauti kubwa, mtaa mzima unajua habari zake.

"Haloo. Hapo ni kwa Mwalimu Bertilla?"

Ufagio ulinikwama mkononi. Namba amepewa na Isdori, bila shaka, hatimaye kafaa kwa kitu.

"Ndiyo. Nani mwenzangu?"

"Mimi ni baba mkwe wa Atupele. Napiga kutoka Sumbawanga."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia mmemwachisha kazi huyu binti." Akakohoa. "Sasa mimi nimeona nikwambie ukweli. Kosa ni langu. Waya nilikuwa nachomoa mimi. Nikisikia radi naogopa, nachomoa, nasahau kurudisha. Ruta iko chumbani kwangu na yeye kwao hawaingii kwa mkwe, angefanya nini? Mmemwadhibu yeye kwa woga wangu mimi mzee."

"Mzee, miezi miwili yote unasahau?"

"Nimezeeka, mwanangu. Nakuomba. Mimi sijawahi kumwomba mtu kitu kwa simu."

Jamani. Mzee anayekaa benchi la mbele kanisani, ambaye watu wa mtaa huu wakigombania mpaka wa shamba wanamfuata yeye kwa sababu hajawahi kusema uongo, amekaa kitandani na homa yake anajisingizia kwa mwanamke asiyemjua. Anamfichia aibu binti yake, na mimi ananitafutia kazi. Na yule wa Arusha anamsikiliza kama anayesikiliza mtoto aliyevunja kikombe. Nilikasirika kuliko siku zote nilizokasirika tangu Januari. Nilimkasirikia Bertilla, Scola, Isdori, nikajikasirikia na mimi niliyesimama pale na ufagio namwacha aaibike peke yake kwa ajili ya heshima yangu.

Nikavua kandambili. Nikaingia.

Niliingia macho yakiwa sakafuni, nikaiona simu pembeni ya kitanda, nikasema nayo kwa sauti kubwa. "Mwalimu, ni Atupele. Naomba usimwamini. Mzee hajachomoa waya wangu hata siku moja. Radi ikipiga yeye yuko nje kwenye baridi, amenipisha mimi nipate nafasi. Homa aliyo nayo ameipata huko. Ukininyima kazi ninyime, ila yeye usimwandike mkosaji."

Mwalimu akauliza, "Basi ni nani?"

Scola alikuwa amefika mlangoni, mkono mdomoni.

"Ni mambo ya nyumbani kwetu," nikasema. "Tumeshaelewana. Vipindi vyangu nitavihamishia jioni, duka likifungwa."

"Jioni inawafaa hata wao," akasema Bertilla, polepole. "Huyu Pieter ameniandikia barua pepe tatu anakuulizia. Jumatatu saa kumi na mbili jioni, Atupele. Ukikatika tena sitapokea simu ya mzee wala ya askofu." Akakata.

Ndipo nikathubutu kuinua macho kidogo, nijue nimesimama wapi.

Mzee alikuwa ameinuka kitandani. Amesimama pembeni ya kabati, blanketi mabegani, amenipa mgongo, uso ameuelekeza ukutani karibu kabisa na ukuta. Sijui aligeuka saa ngapi. Nadhani aliposikia tu miguu yangu. Mila si yake, chumba ni chake, homa inamtetemesha, na alikuwa amesimama hivyo muda wote niliokuwa naongea, nisije nikamwona usoni.

Miezi miwili na zaidi sijawahi kumsemesha. Nikapiga goti pale nilipokuwa.

"Shikamoo baba."

Akajibu bila kugeuka.

"Marahaba, mwanangu. Chomeka waya wako."